Umehama MATLAB kwenda Python na majibu hayafanani: tafuta kosa hapa

Wengi tunahama kwa kulazimika. Leseni ya MATLAB, programu ya kulipia ya hesabu za kisayansi, imeisha na ofisi haina fungu la kuilipia tena, au umemaliza shahada, kompyuta ya chuo umeirudisha, na kazi yako ya miaka mitatu imebaki kwenye flashi ikiwa skripti za `.m`. Python haidai leseni, na kwa uchambuzi wa data za sayansi vyombo vyake vimekomaa: NumPy kwa hesabu za arei (safu za namba), pandas kwa majedwali, xarray kwa data za hewa na bahari, Matplotlib kwa grafu. Matplotlib ilianzishwa na John Hunter, mtafiti wa mambo ya neva, aliyetaka kuchora ndani ya Python kwa namna aliyoizoea kwenye MATLAB. Ndiyo maana amri zake nyingi utazitambua ukiziona tu.

Ufanano huo ndio unaotuponza. Skripti unaihamisha mstari kwa mstari, inakimbia bila kulalamika, inatoa namba, na namba si ile uliyokuwa unaipata. Hapa nimepanga dalili kuanzia zile zinazopiga kelele hadi zile zinazonyamaza, na hizo za kunyamaza ndizo nitakazokaa nazo muda mrefu. Kosa lenye maandishi mekundu utalishughulikia siku hiyohiyo. Lisilo na maandishi linaingia kwenye ripoti.

Jambo moja kabla hujagusa chochote: ukiwa bado na MATLAB, hata ya kuazima kwa saa moja, chukua uchambuzi mmoja unaouamini, hifadhi data iliyoingia, matokeo ya katikati na jibu la mwisho. Hicho ndicho kipimo chako. Bila hicho utabaki kubahatisha.

"Nimesakinisha, lakini inasema haipo"

Ujumbe ni `ModuleNotFoundError`, na wewe una hakika uliandika `pip install numpy` dakika mbili zilizopita. Mara nyingi kompyuta ina Python zaidi ya moja, na `pip` imeweka kifurushi kwenye Python ambayo siyo unayoitumia. Iulize yenyewe:

    import sys
    print(sys.executable)

Kisha sakinisha kwa kupitia Python hiyohiyo: `python -m pip install numpy`. Ukiwa ndani ya daftari la Jupyter, andika `%pip install numpy` kwenye seli. Kwenye Ubuntu na Debian za karibuni utakataliwa kwa ujumbe wa `externally-managed-environment`, usilazimishe. Tengeneza mazingira ya mradi wako kwa `python3 -m venv mradi`, yawashe kwa `source mradi/bin/activate`, halafu sakinisha humo. Kila mradi uwe na mazingira yake, ili ukisasisha kifurushi kwa kazi mpya usiivunje ya zamani.

Kama ujumbe unataja `partially initialized module`, angalia folda yako. Huenda umehifadhi skripti yako kwa jina la `numpy.py` au `random.py`, na Python inaisoma hiyo badala ya maktaba halisi. Badilisha jina, basi.

"Grafu haitokei" na "nimerekebisha funksheni, jibu ni lilelile"

Hapa ndipo mtu wa MATLAB anapohisi amenyang'anywa meza yake ya kazi. Alizoea kuandika amri, kuona grafu, kuchungulia namba zilizomo, kurekebisha na kuendelea. Mambo hayo yote yapo, ila huna budi kuyawasha.

Ukiendesha skripti kutoka terminali, grafu haitokei mpaka uandike `plt.show()` mwishoni (`plt` ni jina fupi la Matplotlib, kama `np` lilivyo la NumPy na `pd` la pandas). Ukiwa kwenye seva ya mbali isiyo na skrini, tumia `plt.savefig("mvua.png")` uipakue picha. Kwa kazi ya mazungumzo na data, usitumie Python tupu. Tumia IPython, ambayo Fernando Pérez aliianza mwaka 2001 kwa haja hiyohiyo. Ndani yake `%matplotlib` inaachia madirisha ya grafu yafunguke huku wewe ukiendelea kuandika, `%run skripti.py` inaendesha faili na kukuachia majina yote uyachungulie, na `%whos` inakuorodheshea kilichomo kama ile `whos` uliyoizoea.

Funksheni inayong'ang'ania jibu la zamani ina sababu nyepesi: Python huisoma faili mara moja tu unapoiita kwa `import`. Ukiibadilisha baadaye, yenyewe haijui. Mwanzo wa kikao andika:

    %load_ext autoreload
    %autoreload 2

Daftari la Jupyter lina ugonjwa wake. Seli unaweza kuziendesha kwa mpangilio wowote, na jina ulilolifuta kwenye seli bado linaishi kwenye kumbukumbu. Jana ilifanya kazi, leo umefungua upya na inakataa. Au mwenzako anapata jibu lingine kwa daftari lilelile. Anzisha kerneli (injini inayoendesha daftari) upya na uendeshe seli zote toka juu hadi chini. Kama haifiki mwisho, jibu ulilokuwa nalo lilitegemea kitu ambacho hakipo tena kwenye ukurasa. Mimi hufanya hivyo kila jioni kabla ya kufunga kazi.

"Faili la .mat halifunguki, au limefunguka limegeuka"

`scipy.io.loadmat` husoma faili za kawaida za MATLAB, lakini zile zilizohifadhiwa kwa toleo la 7.3 ni za muundo mwingine wa faili, HDF5, kwa ndani, nayo inazikataa. Tumia `h5py`. Ukizisoma hivyo, mihimili itakuja imegeuzwa: arei iliyokuwa 12 kwa 30 itakuwa 30 kwa 12. Sababu ni kwamba MATLAB hupanga namba kwenye kumbukumbu safuwima kwa safuwima, ilhali NumPy kwa kawaida hupanga safumlalo kwa safumlalo. Chanzo hichohicho kinavuruga `reshape`. Ukitaka mpangilio wa zamani, andika `x.reshape(12, 30, order="F")`. Ukisahau, utapata jedwali lenye namba zilezile zote, jumla ileile, wastani uleule, na kila mwezi ukiwa na mvua ya mwezi mwingine.

"Tarehe zimehama"

Kama data imesogea mbele kwa takriban mwaka mzima, umechukua namba za `datenum` (hesabu ya siku ya MATLAB) ukazipa Python kama zilivyo. Hesabu hizo mbili zimeachana kwa siku 366. Tarehe 1 Januari 1970 kwa `datenum` ni 719529, kwa hiyo:

    pd.to_datetime(d - 719529, unit="D")

Kama masika yako imetawanyika kwenye miezi isiyo yake, kosa ni jingine. Sisi huandika siku kwanza, na pandas ikiona 03/04/2021 hudhani ni tarehe 4 Machi. Matoleo ya zamani yalikuwa mabaya zaidi, kwani yaligeuza zile zinazogeuzika na kuziacha kama 25/04 zilivyo, katika safuwima moja. Usiiachie ikisie; mpe `format="%d/%m/%Y"`. Na faili likitoka kwa mwenzako wa Bujumbura au Lubumbashi ambaye Excel yake ni ya Kifaransa, desimali zinaweza kuwa na mkato na safuwima zimetenganishwa kwa nukta mkato. Hapo `pd.read_csv(f, sep=";", decimal=",")`.

Halafu kuna saa. Vipimo vya mvua katika vituo vyetu husomwa saa tatu asubuhi, ambayo ni 09:00 kwa saa za Afrika Mashariki na 06:00 UTC (saa ya kimataifa). Daftari la mwangalizi likiandikwa "3:00" kwa saa ya Kiswahili, pandas itasoma 03:00, yaani saa tisa usiku, wala haitauliza. Katika skripti ya zamani huenda ulikuwa na mstari uliosahihisha jambo hili ambao umesahau hata kwa nini uliuweka. Utafute kabla hujautupa. Kwa Python inatosha hivi, ukiwa na safuwima inayosema mchana au usiku:

    saa_mchana = h % 12 + 6
    saa_usiku = (h % 12 + 18) % 24

Saa sita mchana inatoa 12, saa kumi na mbili jioni (ihesabu kuwa usiku) 18, saa tisa usiku 3. Ukikuta "saa nane usiku", muulize aliyeandika kama alibadilisha tarehe saa sita usiku au aliisubiri asubuhi. Hilo hakuna programu itakayokujibia. Na ukilinganisha na data za ERA5 (kumbukumbu za hewa za dunia nzima zilizokokotwa kwa kompyuta), kumbuka saa zake ni UTC na mvua yake imeandikwa kwa mita, si milimita.

ERA5 ina mtego mwingine kwa watu wa kwetu. Latitudo zake zinaanza 90 na kushuka hadi -90. Ukitaka eneo la Tanzania ukaandika `ds.sel(latitude=slice(-12, -1))`, xarray itakurudishia kipande kitupu bila neno, na wastani wake utakuwa NaN, alama ya thamani isiyopo. Geuza: `slice(-1, -12)`. Kwenye MATLAB ulikuwa unatumia `find` kwa sharti la kubwa kuliko na ndogo kuliko, na mpangilio haukukuhusu. Ramani ikitokea kichwa chini, ni upande huohuo wa jambo: `imshow` huweka safumlalo ya kwanza juu, kwa hiyo kwa latitudo zinazopanda ongeza `origin="lower"`.

"Inakimbia vizuri, jibu si lile"

Sasa tumefika penyewe. Anza na dalili ya jibu lako, si na msimbo.

*Mwanzo wa grafu una mruko usioelezeka.* Hili lilinikuta na data za kupwa na kujaa. Nilikuwa nahesabu badiliko la kina cha maji kutoka saa moja hadi inayofuata, `x[i] - x[i-1]`. MATLAB huhesabu kuanzia 1, na ukiomba kipengele cha 0 inakukatalia. Python huhesabu kuanzia 0, na `x[-1]` kwake ni ombi halali: kipengele cha mwisho. Saa yangu ya kwanza ya Januari ilitolewa saa ya mwisho ya Desemba, na kwa siku mbili nilikuwa nalaumu kifaa cha baharini. Tumia `np.diff(x)`, au anza kitanzi kwa 1.

Ndugu yake kosa hilo ni la vipande. `x(2:5)` ya MATLAB ina vipengele vinne, na mwenzake ni `x[1:5]`, kwa kuwa Python haihesabu mwisho. Ukiandika `x[2:5]` unapata vitatu, tena umeanza mbele. Na ukiomba `x[0:400]` kwenye mwaka wa siku 365, unapewa 365 kimya. Kagua `len` ya kila kipande unachokata siku za mwanzo, mpaka mkono uzoee.

*Data asilia imebadilika bila kuigusa.* Ulichukua `b = a`, ukasahihisha `b`, na `a` nayo imesahihishwa. Katika MATLAB `b` ingekuwa nakala. Katika Python hayo ni majina mawili ya kitu kimoja, na kwa arei za NumPy hata kipande kama `b = a[0:31]` ni dirisha la kuangalia data ileile. Ukifuta vipimo vibovu vya Januari kwenye `b`, umevifuta kwenye asili. Andika `.copy()` popote unapokusudia kubadilisha. Kosa hili naliogopa kuliko yote, kwa sababu ukiendesha seli mara mbili linasahihisha kilichokwisha sahihishwa, na jibu linategemea umebonyeza mara ngapi.

*Kumbukumbu imejaa, kompyuta imeganda, kwa data ya mwaka mmoja tu.* Chapisha `.shape` ya kila kitu. Arei yenye umbo `(8760,)` ukiitoa kwenye yenye umbo `(8760, 1)`, NumPy haifikirii kwamba ulitaka saa kwa saa. Inatoa kila moja kwa kila moja, na unapata jedwali la 8760 kwa 8760, takriban megabaiti 614. Kwa data fupi kompyuta haigandi, na hapo ndipo hatari ilipo, kwani wastani wa jedwali hilo unaonekana wa maana kabisa. Nyoosha ile yenye mihimili miwili kwa `.ravel()` kabla ya kutoa.

*Mkengeuko sanifu ni mdogo kidogo kila mara.* Kwa 2, 4, 6 MATLAB inasema 2, NumPy inasema 1.633. MATLAB hugawa kwa N-1, `np.std` hugawa kwa N. Andika `np.std(x, ddof=1)`. Ukiwa na miaka 30 tofauti haifiki asilimia 2 na hutaiona kwa macho; ukiwa na miaka 10 ni zaidi ya asilimia 5. pandas nayo hugawa kwa N-1, hivyo ndani ya skripti moja unaweza kuwa na vipimo viwili vinavyobishana.

*Persentaili ya 95 ya mvua haifanani.* Kila programu ina kanuni yake ya kukisia kati ya vipimo viwili. `prctile` ya MATLAB inalingana na `np.percentile(x, 95, method="hazen")`. Kama ripoti za mafuriko za miaka iliyopita zilitumia kanuni hiyo, endelea nayo, au hesabu zote upya. Usichanganye ndani ya mfululizo mmoja.

*Jibu ni NaN, au wastani wa mvua ni hasi.* Kwa hasi, kuna -9999 ya vipimo vilivyokosekana imeingia kwenye hesabu; itangaze mapema kwa `na_values=[-9999]`. Kwa NaN, elewa kwamba `max` ya MATLAB hurukia NaN yenyewe lakini `np.max` hairuki, tumia `np.nanmax`, na `np.nanmean` kwa wastani. pandas huzirukia bila kuambiwa, na hilo si jema daima: mwezi wenye siku nne tu za vipimo utakupa jumla inayofanana na ukame. Hesabu kwanza vipimo vilivyopo kwa `.count()`.

*Ulitarajia jumla ya kila mwezi, umepata namba moja.* `sum(A)` ya MATLAB hushuka safuwima kwa safuwima, `np.sum(A)` hujumlisha vyote. Taja mhimili: `np.sum(A, axis=0)`.

*Desimali zimekatika.* `np.array([1, 2, 3])` ni arei ya namba kamili. Ukiweka 2.7 kwenye nafasi ya kwanza inahifadhi 2, bila onyo. Anzisha kwa `dtype=float`. Kwa picha za setilaiti za `uint8` (namba kamili za 0 hadi 255) jambo ni zito zaidi: 200 + 100 kwa MATLAB hukomea 255, kwa NumPy huzunguka na kuwa 44, na wingu jeupe linageuka kivuli. Geuza ziwe desimali kabla ya hesabu yoyote.

*Vipeo vimeharibika.* `3^2` katika Python ni 1, kwani alama hiyo ina kazi nyingine ya biti. Kipeo ni `**`. Kuzidisha matriksi ni `@`. Nyota huzidisha kipengele kwa kipengele. Na kama una namba changamano, `A'` ya zamani ni `A.conj().T`, si `A.T`.

*Ncha za data zimekuwa tambarare.* `interp1` hutoa NaN nje ya eneo la vipimo, `np.interp` hurefusha thamani ya mwisho hadi ukomo. Mpe `left=np.nan, right=np.nan`.

*Namba za nusu zinakataa.* 2.5 kwa MATLAB hukadiriwa kuwa 3, kwa NumPy kuwa 2, maana nusu hupelekwa kwenye namba shufwa iliyo karibu.

"Ni polepole mno"

Karibu kila mara ni kitanzi kinachopita kipengele kimoja kimoja, au `np.append` ndani yake, ambayo hunakili arei nzima kila mzunguko. Kusanya kwenye orodha ya kawaida kisha igeuze arei mara moja mwishoni, au andika hesabu kwa arei nzima. Kwa kitanzi kisichoepukika, Numba, maktaba ya kuharakisha msimbo wa Python, husaidia sana.

Umepita kote na bado haifanani

Rudi kwenye yale matokeo ya katikati uliyohifadhi. Linganisha nusu ya njia:

    np.allclose(ya_zamani, mpya, equal_nan=True)

Yakilingana hapo, kosa liko nusu ya pili. Yasipolingana, liko ya kwanza. Gawa tena. Skripti ya mistari 200 haihitaji migawanyo zaidi ya minane kukufikisha kwenye mstari wenyewe. Ukifika, chapisha umbo, aina ya namba na vipengele vitano vya kwanza kwa pande zote mbili, na mara nyingi dalili itakuwa mojawapo ya hizi za juu.

Na ikiwa tofauti iliyobaki iko kwenye tarakimu ya 15 au ya 16, hapo hujakosea popote. Kompyuta hazishiki desimali zote kwa ukamilifu, na lugha mbili zikijumlisha kwa mpangilio tofauti, tarakimu za mwisho huachana. Andika siku hiyo kwenye daftari lako kwamba skripti imekaguliwa, kisha uhamie kwenye inayofuata.